Nani Amesema Maskini Hastahili Fremu ya Msaji?

Kuna neno moja la Kiswahili ambalo maskini hulisikia mara nyingi kuliko mtu mwingine yeyote, nalo ni "hutaiweza". Hulisikia dukani, hospitalini, shuleni na benki. Aghalabu husemwa kwa sauti ya upole, na wakati mwingine kwa nia njema kabisa. Mwenye kulisema huwa hajaulizwa kitu: ametazama kandambili, amekadiria khanga iliyopauka, kisha akatoa hukumu juu ya mfuko wa mtu asiyemfahamu. Makala haya yanalihusu neno hilo, nami nimeamua kulichunguza mahali ambapo wengi hawatarajii kukuta siasa: katika duka la fremu za picha.

Hoja yangu ni hii. Kumwonyesha mteja mwenye fedha kidogo fremu ya bei ya juu si dhambi. Dhambi zipo mbili, na zote hutendeka kila siku: kumficha fremu hiyo kwa kuwa umeshamwamulia kwamba ni maskini, na kumshurutisha aichukue kwa kuwa umegundua kwamba anaona haya. Baina ya dhambi hizo mbili ipo njia nyembamba ya uaminifu, na njia hiyo hupitia katika hesabu iliyowekwa wazi. Naamini kwamba jamii ambayo haiwezi kuipita njia hiyo katika jambo dogo kama fremu haitaipita katika bati, mbegu, dawa wala elimu.

Ndugu msomaji anaweza kuuliza ni kwa nini tujadili fremu ilhali watu wanatafuta mkate. Nitamjibu kwa kumtaka ahesabu vitu vilivyomo ndani ya fremu za bonde la Kilombero. Kuna picha za harusi, kuna vyeti vya watoto wa kwanza katika ukoo kufika chuo, kuna aya za Kurani na sura za Bikira Maria. Zaidi ya yote kuna picha za marehemu. Mtu akifariki, familia hutafuta picha yake popote ilipo, ikibidi ile ndogo ya kitambulisho, wakaipeleka kukuzwa, wakaiwekea fremu, ikatangulia mbele ya jeneza na hatimaye ikatundikwa ukutani. Mara nyingi hiyo ndiyo nakala pekee. Ikiharibika, watoto waliozaliwa baadaye hawatamjua babu yao kwa sura. Huo si mchezo wa mapambo; ndiyo maktaba ya watu wasio na maktaba.

Mkazi wa Idete, kata ya wakulima wa mpunga iliyo nje ya mji wa Ifakara, akitaka fremu nzuri huifuata mjini. Katika duka moja la huko nilimshuhudia mama mmoja aliyetoka Idete akiwa na picha ya marehemu mumewe. Alinyosha kidole kwenye fito ya mbao iliyotundikwa juu kabisa ya ukuta. Kijana aliyekuwa akiuza alimjibu, "Mama, hiyo hutaiweza. Chukua hii ya plastiki, ndiyo wanayochukua watu wa vijijini." Yule mama hakupandisha sauti. Alisema, "Mwanangu, sijakuuliza kama nitaiweza. Nimekuuliza bei yake." Ilimbidi arudie swali hilo mara ya pili ndipo akatajiwa.

Alichonunua hatimaye si hoja yangu, wala hakikunihusu. Kilichonihusu ni kwamba mtu mzima, aliyelima, aliyelea, aliyezika, alilazimika kudai mara mbili haki ya kuambiwa bei ya kitu kilichowekwa kuuzwa hadharani.

Sasa tuifanye hesabu ambayo kijana yule hakuifanya. Neno "fremu" katika Tanzania lina maana zaidi ya moja. Hata chumba cha biashara kinachopangishwa huitwa fremu, kwa hiyo fundi hulipa kodi ya fremu ili auze fremu. Hapa nazungumzia ile inayozunguka picha. Hutengenezwa kwa fito ndefu zilizochongwa, za mbao au za plastiki, ambazo fundi hukata ncha zake kwa nyuzi 45 ili zikutane pembeni. Juu yake huongezwa kioo, ubao mwembamba wa nyuma ambao mafundi huuita hadibodi, misumari, gundi na kazi ya mikono. Tofauti ya bei kati ya fremu rahisi na fremu ghali kwa kawaida haimo katika kioo wala katika hadibodi. Imo katika fito.

Tuchukue cheti cha ukubwa wa kawaida wa karatasi ya ofisini, yaani sentimita 21 kwa 29.7. Mzingo wake ni sentimita 101.4. Fito ikiwa na upana wa sentimita 3, kila kipande katika vile vinne hurefuka kwa sentimita 6 kwa sababu ya pembe, hivyo tunaongeza 24 na kupata 125.4. Tukiacha kidogo kwa ajili ya unga wa msumeno, fremu hiyo inahitaji fito ya mita 1.3. Sasa tuweke bei za mfano tu, kila mtu anaweza kuzibadilisha kwa bei za mtaani kwake: fito rahisi shilingi 3,000 kwa mita, fito ghali shilingi 6,000 kwa mita, na vitu vingine vyote pamoja na ufundi shilingi 6,000. Fremu ya kwanza itagharimu 9,900. Ya pili itagharimu 13,800. Fito imepanda bei mara mbili, lakini fremu nzima imepanda kwa chini ya asilimia 40, yaani kwa shilingi 3,900.

Je, shilingi 3,900 ni fedha nyingi? Kwa mtu fulani katika mwezi wa Februari, mpunga ukiwa bado shambani, ni nyingi mno. Kwa mtu huyohuyo mwezi wa Julai, baada ya kuvuna na kuuza, huenda si nyingi. Na kwa picha ya mtu ambaye hatapigwa picha tena, pengine si nyingi mwezi wowote. Anayeijua tofauti hiyo ni mmoja tu, naye ni mwenye picha. Muuzaji haijui. Mimi mwalimu wa chuo siijui. Ofisa wa maendeleo ya jamii haijui. Kwa nini basi sote tuna haraka ya kumjibia?

Hapo ndipo ninapokutana na mpinzani wangu wa kwanza, ambaye namheshimu kwa sababu moyo wake ni mwema. Yeye husema kwamba kumshawishi mtu wa kipato cha chini anunue kitu cha bei ya juu ni unyonyaji, na kwamba maskini ana ada, ana dawa, ana mbolea, hivyo plastiki inamtosha. Nakubali kwamba ana ada, dawa na mbolea. Lakini yeye ndiye anayezilipa, na kwa hiyo anazijua kwa uchungu kuliko mtetezi wake. Mtu anayeishi kwa shilingi chache huifanya hesabu ya kila shilingi kwa uangalifu ambao sisi wenye mishahara ya mwisho wa mwezi tumeusahau. Kumwondolea uchaguzi kwa jina la kumhurumia ni kumfanya mtoto.

Tena huruma hiyo ina tabia ya kuenea. Tumeizoea mno lugha ya "bei ya mwananchi" na "bidhaa za wanyonge" kiasi kwamba hatusikii tena kilichomo ndani yake. Mwananchi amekuwa jina la kistaarabu la mtu anayestahili kitu hafifu. Bati lake ni jembamba, kitabu cha mwanawe kinaachia kurasa kabla muhula haujaisha, redio yake hunyamaza baada ya masika mamoja. Wahenga hawakukosea waliposema rahisi ni ghali. Walisahau kuongeza tu kwamba ughali huo hulipwa na yule asiye na uwezo wa kununua mara ya pili. Tajiri akinunua kitu kibovu amepata usumbufu. Maskini akinunua kitu kibovu amepata hasara ambayo hataiziba.

Watumishi wa umma wanaosoma makala haya wanalijua jambo hili vizuri, maana dola yenyewe imekwisha kulikubali kwa niaba yake. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 imeijengea misingi dhana ya thamani ya fedha. Serikali haitakiwi kuangalia bei ya kununulia peke yake. Inatakiwa kuuliza kitu kitadumu muda gani, kitagharimu nini kukitunza, na kinafaa kiasi gani kwa kazi iliyokusudiwa. Hakuna ofisa ununuzi mwenye akili timamu atakayejitetea mbele ya wakaguzi kwa kusema tu kwamba alinunua kilicho rahisi kuliko vyote. Iweje basi hekima hii iwe halali kwa Halmashauri, lakini ikiingia katika kichwa cha mkulima wa Idete iitwe tamaa ya kuishi juu ya uwezo wake?

Tazameni ukutani katika ofisi zenu. Picha rasmi ya Rais imo ndani ya fremu, na si ajabu kuikuta fremu hiyo ikiwa ndicho kitu kizuri kuliko vyote katika chumba. Rais John Magufuli alipofariki tarehe 17 Machi 2021, na Samia Suluhu Hassan alipoapishwa siku mbili baadaye, picha katika ofisi za nchi nzima zilipaswa kubadilishwa. Penye fremu imara, kazi ilikuwa ndogo: kutoa misumari ya nyuma, kuweka picha mpya, kurudisha misumari. Fremu nzuri huishi kuliko picha iliyomo ndani yake. Somo hilo tunalifahamu na kulitumia kwa sura za viongozi. Sijasikia hata mara moja mtu akisema kwamba uso wa Rais uwekewe plastiki kwa sababu nchi ni maskini. Nauliza swali la raia tu: kwa nini uso wa kiongozi ustahili mbao, na uso wa mama aliyekuzaa ustahili plastiki, tena kwa amri ya mtu mwingine?

Mpinzani wangu wa pili hana huruma hata kidogo, na ndiye wa kuogopwa zaidi. Huyu ameshahudhuria semina za ujasiriamali na ametoka na vitini. Amefundishwa kuanza na bei ya juu ili ya kati ionekane ndogo. Amefundishwa kumtazama mteja machoni na kumuuliza, "Kwani marehemu hakuwa mtu wako wa karibu?" Amefundishwa kusema, mbele ya wateja wengine, kwamba hiyo ya chini huchukuliwa na watu wasiojali. Atamuuzia mjane fremu ya bei ya juu kabisa, na atajisifu jioni. Akiona fedha hazitoshi, atamwelekeza kwa mkopeshaji wa jirani, mmoja wa wale ambao wananchi wenyewe wamewapa jina la kausha damu.

Tofauti kati ya kijana aliyeficha bei na mjasiriamali huyu ni ndogo kuliko inavyoonekana. Wote wawili wametumia umaskini wa mteja kama silaha: mmoja ameutumia kumfukuza, mwingine kumnasa. Hakuna kati yao aliyempa habari. Na mteja asiye na habari hana uhuru, hata kama hakuna aliyemshika mkono.

Wapo watakaosema kwamba hiyo ndiyo biashara. Sikubali. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha katika biashara, na Tume ya Ushindani ipo kwa ajili hiyo. Lakini hata bila sheria, kuna jambo la kiufundi ambalo huwatoa nje wauzaji wa namna hii. Muulizeni anapataje faida. Tuseme zile bei za fito nilizozitaja ndizo alizonunulia, naye anaongeza asilimia 100. Kwa fito rahisi atapata faida ya shilingi 3,900. Kwa fito ghali atapata 7,800. Msumeno ni uleule, pembe ni nne zilezile, dakika ni zilezile. Hapo ndipo penye kishawishi: kila anapomsukuma mteja kupanda, mkono wake hupata zaidi bila kufanya kazi zaidi. Dawa yake ni nyepesi na haihitaji sheria mpya. Bei ya ufundi itajwe peke yake na iwe moja. Bei ya fito itajwe kwa mita na ibandikwe ukutani. Kama mbao ngumu inachosha msumeno, na msaji kweli huchosha msumeno, basi kiongezwe kiasi kidogo kwa sababu hiyo na sababu itajwe. Muuzaji aliyefanya hivyo anaweza kumwonyesha mteja yeyote fito yoyote, na hakuna atakayemshuku.

Uaminifu vilevile unadai kwamba tuseme jambo ambalo halitawafurahisha wauzaji wa vitu ghali: bei ya juu si ubora. Ipo fito ya plastiki iliyopakwa rangi ya dhahabu ambayo huuzwa ghali kuliko mbao nyeupe ya paina, na ambayo pembe zake huachia upesi. Ipo pia nyumba ambamo plastiki ndiyo chaguo la busara. Katika ukuta wa udongo uliokwisha kuingiwa na mchwa, fremu ya paina isiyotiwa dawa ni chakula. Plastiki mchwa hawaili. Msaji husifiwa kwa kustahimili mchwa, na sifa hiyo ni ya kweli kwa kiini cha mti, ile sehemu ya ndani yenye rangi ya kahawia na mafuta yake ya asili. Sehemu nyeupe ya nje haina kinga hiyo, na miti michanga iliyopunguzwa shambani huwa na weupe mwingi. Anayekuuzia weupe wa msaji kwa bei ya kiini anakuibia, ingawa hajasema uongo hata neno moja.

Kuna pia suala la unyevu, ambalo katika bonde lile haliepukiki. Tambarare la mafuriko la mto Kilombero liliingizwa mwaka 2002 katika orodha ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar. Wanaoishi pembeni yake hawahitaji mkataba kuwajulisha maana ya masika. Picha iliyogusana na kioo katika hewa yenye unyevu hunata. Ukijaribu kuibandua, uso hubaki kwenye kioo. Kinachozuia hilo ni nafasi ndogo kati ya picha na kioo, inayowekwa kwa ukanda wa karatasi ngumu pembezoni. Fito nyembamba yenye mfereji mfupi wa nyuma haina mahali pa kuuweka ukanda huo. Fito yenye mfereji mrefu inapo. Hilo ndilo jambo ambalo mteja anapaswa kuambiwa. Asiambiwe kwamba fito hii ni ya watu wenye hadhi. Aambiwe kwamba fito hii inaacha nafasi, na ile haiachi, na picha yako ni moja tu.

Idete yenyewe inaweza kutufundisha namna ya kusema na watu. Wengi wa wasomaji wangu hawajui kwamba jina la kijiji hicho linajulikana katika historia ya tiba ya dunia. Mwaka 1994 jarida la Lancet lilichapisha matokeo ya majaribio ya chanjo ya malaria iliyoitwa SPf66, yaliyofanywa kwa watoto wa Idete wenye umri wa kati ya mwaka mmoja na mitano. Ufanisi uliotangazwa ulikuwa asilimia 31. Chanjo hiyo haikufika mbali, lakini mimi husimama mbele ya tarakimu hiyo kwa heshima. Watafiti walikuwa na kila sababu ya kutamani tarakimu kubwa zaidi. Waliandika 31.

Naomba wafanyabiashara wetu wawe na 31 yao. Waseme: fito hii inagharimu kiasi hiki kwa mita, inafaa kwa hili, haifai kwa lile, na kwa ukuta wako wa udongo sikushauri. Kama wazazi wa Idete walistahili kuelezwa kabla ya kukubali sindano, wanastahili kuelezwa kabla ya kutoa noti. Ridhaa haina madaraja ya chini kwa ajili ya vitu vidogo.

Nimetaja msaji, na sitaki kulipita jambo hilo kimya, kwa maana ndilo linalonikera kuliko yote. Bonde la Kilombero si mgeni wa mti huo. Wajerumani waliuleta Tanganyika mwishoni mwa karne ya 19, na leo mashamba ya serikali yapo Longuza, Mtibwa na Rondo. Katika wilaya za Kilombero na Ulanga, kampuni ya Kilombero Valley Teak ilianza mwaka 1992 kwa mtaji wa Shirika la Maendeleo la Jumuiya ya Madola la Uingereza, na maelfu ya hekta za misaji yakapandwa. Sehemu kubwa ya msaji wa Tanzania unaouzwa nje huishia India. Sina ugomvi na biashara ya nje. Nchi inahitaji fedha za kigeni na vijana wanahitaji ajira. Ugomvi wangu ni na mazoea ya kuona ni jambo la kawaida kwamba mtu azaliwe karibu na shamba la misaji, alipue jiko kwa maranda yake, kisha aambiwe katika duka la mji wake mwenyewe kwamba fito ya msaji hataiweza.

Na hapa hesabu inatusaidia tena. Upande mrefu wa fremu ile ya cheti, ukijumlisha pembe, ni sentimita 35.7. Kipande cha mbao cha sentimita 40 hakifai kwa mlango, hakifai kwa kitanda, hakifai kusafirishwa kwa meli. Katika karakana nyingi huishia kuwa kuni. Kwa fremu kinatosha na kubaki. Mbao ile ile ambayo mkulima anaambiwa ni ya watu wengine huchomwa chini ya sufuria kwa kukosa mtu wa kuikata kwa nyuzi 45.

Basi tusilalamike tu, tutende. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Kikundi cha vijana watano wenye msumeno wa pembe, randa na mkataba wa kununua vipande vifupi kutoka karakana za mbao ni maombi ya mkopo yenye kueleweka kuliko mengi yanayopita mezani. Ifakara ina Chuo cha Maendeleo ya Wananchi. Ufundi wa fremu ni kozi ya wiki chache, si ya miaka. Wanafunzi wa biashara wanaotafuta mada za utafiti waache kwa muda kuandika juu ya kampuni za simu, wakawaulize mafundi wa fremu jinsi wanavyopanga bei.

Yapo pia masharti ambayo hayapaswi kulegezwa. Mbao iwe halali, yenye hati ya kusafirishia mazao ya misitu kutoka Wakala wa Huduma za Misitu, kwa sababu fito ya mninga inayouzwa kwa bei ya kutupa huenda ilikatwa usiku katika msitu ambao ni wa watoto wetu, na urahisi wa namna hiyo tutaulipa sote. Risiti itolewe. Na malipo ya kidogo kidogo yawe ya kudunduliza, yaani mteja alipe kwa awamu kabla ya kuchukua, bila riba, na akishindwa arudishiwe fedha zake akatwe gharama iliyokubaliwa tu. Kipato cha mkulima kina msimu, na duka linalojua msimu wake linaweza kumuuzia fremu nzuri bila kumtia kitanzi. Duka linalomkopesha kwa riba ili anunue pambo limegeuka kuwa adui yake, hata kama pambo lenyewe ni la msaji safi.

Jambo la mwisho linahusu haki ya kusema hapana. Ukimwonyesha mteja fito tano na kumpa bei tano, lazima uwe tayari kwamba atachagua ya chini kabisa. Akifanya hivyo, mfungie picha yake kwa uangalifu uleule, pangusa kioo kwa kitambaa kilekile, mkabidhi kwa mikono miwili. Fremu ya plastiki aliyoichagua mtu baada ya kuelezwa kila kitu ina heshima kuliko fremu ya msaji aliyoshurutishwa kwa aibu. Mimi sitetei mbao. Natetea uamuzi.

Kwa hiyo nawaomba wanafunzi wangu watakaokuwa mabwana na mabibi maendeleo, wanaharakati wanaozungumza kwa niaba ya wanyonge, na maofisa wanaopanga mipango ya watu wa kipato cha chini, wajifunze adabu moja kabla ya nyingine zote. Mtu akiuliza bei, mtajie bei. Mweleze kitu hicho kinafanya nini na hakifanyi nini. Kisha nyamaza, umwache afikiri. Ukimya huo wa sekunde chache, ambamo mtu mwenye fedha kidogo anapima peke yake kilicho na thamani kwake, ni sehemu ya uraia, na hakuna aliyepewa mamlaka ya kuukatiza kwa neno "hutaiweza".